Ndani ya Kabati la Chumba 614

Kila siku baada ya shule, Rukia alifungua mlango wa nyumba yao huko Al Thumama, mtaa wa jiji la Doha, akala chakula alichoachiwa, kisha akashika simu. Mama yake, Bi Rehema, alisafisha vyumba katika hoteli moja ya Al Sadd na hakurudi kabla ya magharibi. Mwaka mzima ulikuwa umepita tangu watoke Tanga, na Rukia hakuwa na rafiki. Wasichana wa darasani walimwita wakacheze netiboli; alikataa mpaka wakachoka kumwita.

Mtu aliyempenda alikuwa Nuru Kipanga, mwimbaji. Alijua Nuru huamka saa ngapi na hupenda chai ya namna gani. Alikuwa amemwandikia zaidi ya mara mia tatu. Hakujibiwa hata mara moja, lakini aliamini Nuru anasoma.

Alhamisi moja Nuru alikuja Doha kuimba, akafikia hoteli ile ile. Bi Rehema aliteleza ulimi akataja chumba chake. Rukia akasingizia kuumwa kichwa, akasema anaogopa kubaki peke yake. Mama akamwombea ruhusa aketi katika chumba cha wafanyakazi.

Mama alipoondoka tu, Rukia alipanda hadi ghorofa ya sita. Toroli la usafi lilikuwa nje ya chumba kimojawapo. Ndani mama alikuwa akitandika kitanda. Kadi ya kufungulia milango ilikuwa juu ya taulo. Rukia akaichukua.

Akafungua chumba 614, cha Nuru; hakikuwa na mtu. Alishika mtandio wa Nuru, akaunusa. Ghafla akasikia hatua mlangoni, akajibanza kabatini.

Nuru aliingia akizungumza na mamake kwenye simu. Alisema amechoka, kisha akalia. Rukia, gizani, alifurahi: sasa Nuru atamhitaji. Simu ilipokatika, akasukuma mlango wa kabati.

Nuru alipiga yowe, akarudi nyuma hadi ukutani.

"Ni mimi, Rukia," alisema akitabasamu. "Wewe unanijua."

"Sikujui." Nuru alinyakua simu ya chumbani, akaita mlinzi. "Tafadhali, usinisogelee."

Tabasamu likafutika usoni mwa Rukia. Hakuna mtu aliyewahi kumwogopa hivyo.

Mlinzi, Bwana Mutai, alifika mbio, na nyuma yake msimamizi. Bi Rehema akaitwa. Alipoulizwa kadi yake iko wapi, alijipapasa mifukoni, asiione. Watu walikuwa wamefukuzwa kwa makosa madogo kuliko hilo.

Rukia alitamani ardhi immeze. Hata hivyo alitoa kadi, akaiweka mezani.

"Mama hajui lolote. Mimi niliiiba."

Akaeleza yote, hata uongo wa kuumwa kichwa, kisha akamwomba Nuru radhi. Nuru alisikiliza bila kumsogelea. Mwishowe akamwambia msimamizi kwamba hapendi mama aadhibiwe kwa kosa la mtoto. Bi Rehema alipewa barua ya onyo, akabaki kazini. Wiki iliyofuata aliomba zamu ya alfajiri, ili Rukia amkute nyumbani.

Lakini siku ile walirudi nyumbani pamoja. Walipofika, Rukia alifuta ujumbe wote aliomwandikia Nuru, mmoja baada ya mwingine, mama akiwa kando yake.

"Nilikosa mimi pia," Bi Rehema alisema. "Nilidhani simu inakutunza. Ila wewe shika hili, mwanangu. Kujua habari za mtu si kujuana naye. Na ukimpenda mtu, bisha hodi mlangoni kwake. Asipofungua, ondoka."