Ukurasa Unaonuka Gundi

Ghorofa ya tatu, magoti yakagoma.

Kipara, jasusi wa miaka thelathini kazini, akaegemea ukuta wa kiwanda cha uchapaji cha serikali. Bastola ya Beretta mkononi. Anahema kama mvukuto. Juu yake viatu vya yule jamaa wa suti vilipanda ngazi ko, ko, ko.

Redio ya Motorola kiunoni ikakoroma. "Kipara! Umefika wapi?"

"Umri wa kustaafu, Mkuu."

"Acha utani. Rais anasaini katiba saa nne."

Ilikuwa saa nne kasoro robo.

Yule wa suti alikuwa wakala wa kampuni ya kigeni ya madini. Katika kitabu cha kusainiwa aling'oa ukurasa mmoja tu, orodha ya lugha za mikoa, akabandika wake wenye lugha moja pungufu. Mitambo akaimwagia mchanga, usichapwe mwingine. Bibi mfunga vitabu ndiye aliyeshtuka. "Mimi nashona," alisema. "Hii gundi imetoka wapi?"

Lugha isipoorodheshwa, notisi za ardhi haziandikwi kwa lugha hiyo. Wenyeji wangehamishwa kwa karatasi wasiyoielewa.

Mama yake Kipara akiwa wa kwanza.

Simu ikatetemeka. Mama mwenyewe.

"Mwanangu, umekula?"

"Niko kazini, mama," akajibu kwa lugha ileile iliyong'olewa.

"Mbona unahema? Unakimbia, na uzee huo?"

Risasi ikachubua plasta juu ya upara wake.

"Nani anagonga?"

"Fundi, mama."

"Mwambie apige taratibu, nyumba ya watu hiyo."

Kipara akatazama ngazi. Akazichoka. Akaingia lifti ya mizigo.

Wakala alipotokea paani, ulimi nje, alimkuta ameketi juu ya bunda la karatasi.

"Umefikaje?"

"Ngazi ni za vijana."

Wakala akainua bastola. Kipara akarusha Motorola, ile ya zamani, nzito kama tofali. Ikatua katikati ya paji. Jamaa akalala chali, ukurasa alioung'oa ukichungulia kotini.

Saa nne kasoro dakika tano, katika chumba chake cha ghorofani, bibi alibandua ukurasa wa gundi, akarudisha ule wa asili, akapitisha sindano, akakata uzi kwa meno.

"Haya, baba. Mpelekee Rais."

Dereva wa ikulu, aliyekuwa akisubiri mlangoni, akaondoka na kitabu mbio.

Sasa lifti nayo ikagoma. Kipara akashuka kwa ngazi, goti moja baada ya jingine, akaweka simu sikioni. Haikuwa imekatwa.

"Fundi amemaliza?"

"Amemaliza, mama. Ameshona."

"Vizuri. Sasa kale."