Diski Iliyotoweka katika Chumba cha Mazoezi

Saa moja na dakika hamsini asubuhi, siku ya Jumanne, Kocha aliwasha mashine ya gemu katika chumba cha mazoezi, na runinga ikamwandikia kwamba hakuna diski. Akabonyeza kitufe, trei ikatoka tupu. Alitafuta kwenye kasha, nyuma ya runinga, chini ya mikeka. Kisha akaketi kwenye benchi akashika kichwa.

Kocha hakuwa mtu wa mpira. Alikuwa mtaalamu wa viungo wa hospitali ile, na jina hilo alipewa na wagonjwa wake, watu waliopigwa na kiharusi wakabaki na mkono mmoja usiosikia amri. Diski iliyopotea ilikusanya gemu kumi na nne za zamani za vyombo vya anga, zile zilizokuwa zikichezwa kwenye mashine kubwa kama kabati kwa kutumbukiza sarafu. Gemu za siku hizi zina vitufe vingi mno kwa vidole vilivyolegea. Hizi zilitaka mambo mawili tu: mkono mmoja uelekeze chombo, mwingine ufyatue risasi. Kila Jumatano Kocha aliwapima wagonjwa kwa gemu ileile, chombo kimoja cheupe kikipambana na safu za maadui, na aliyefikisha alama elfu ishirini kwa mikono miwili aliruhusiwa kwenda nyumbani. Watu kumi na mmoja walikuwa wakisubiri nafasi. Na diski ile haikuuzwa tena madukani.

Matroni alipopata habari hakutaka maneno mengi. Ufunguo wa chumba ulikuwa kwa dada wa usafi, kwa hiyo ama diski ionekane kabla ya saa sita mchana, ama dada huyo aondoke na asirudi. Dada wa usafi alisimama na fagio lake mkononi, machozi yakimtiririka bila sauti.

Hapo ndipo Sajenti alipojiingiza. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini na mbili, mpelelezi mstaafu, mgonjwa wa wiki ya saba. Mkono wake wa kulia ulikuwa bado mzito kama gunia la maji, lakini kichwa kilikuwa chepesi, na kwa wiki saba hakijapewa kazi ya maana. Alimwomba Matroni asiguse mtu hadi huo muda ufike.

Alianza na saa. Dada wa usafi alisema alifungua chumba saa kumi na mbili kamili, akapiga deki, akaenda wodini na kuuacha mlango wazi kama kawaida. Saa kumi na mbili na robo aliingia Dereva, mgonjwa aliyeendesha malori maisha yake yote, kujinoa kabla ya kipimo. Alicheza hadi saa kumi na mbili na nusu, umeme ukakatika, naye akaenda kunywa chai huku akilaani. Umeme ulirudi saa moja na dakika arobaini na tano, Kocha akiwa tayari amesimama chumbani. Kwa hiyo diski ilichukuliwa katika giza la mashine, si la chumba, maana jua lilikuwa limeshachomoza.

Dereva alikuwa na sababu. Jana yake Sajenti alikuwa amempita kwa alama mia tatu, na mzee huyo alinuna hadi chakula cha jioni. Sajenti alimkuta uani akamuuliza bila kuzunguka.

"Nilinuna, ndiyo," Dereva alikubali. "Lakini nikiiba diski nitakulipizia wapi?"

Wa pili alikuwa mtunza stoo, aliyewahi kusema mbele ya watu kwamba hospitali si mahali pa kuchezea gemu. Naye alijibu kwa ukali kwamba tangu saa kumi na mbili na nusu alikuwa getini akipokea mitungi ya oksijeni. Sajenti hakubishana naye. Alikwenda getini, akafungua daftari la mlinzi, akaona saini ya mtunza stoo kwenye kila mtungi, wa mwisho saa moja na dakika hamsini. Kila saini ilikuwa na muda wake, na mlinzi hakuwa amemwona akisogea hata hatua kumi.

Akarudi kwenye mashine. Chini ya trei kulikuwa na kitundu kidogo sana, na pembeni yake mkwaruzo mpya uliong'aa. Alimuuliza Kocha kile kitundu ni cha nini.

"Umeme usipokuwepo, kitufe hakifanyi kazi," Kocha alisema. "Unachomeka kitu chembamba humo, trei inachungulia kidogo. Ukiachia, inarudi. Lazima ukandamize kwa mkono mmoja huku unaivuta kwa kucha za mkono wa pili."

Walijaribu. Waya wa kubania karatasi ulikuwa mnene, haukuingia. Sindano ya kushonea iliingia sawasawa. Sajenti naye akajaribu, lakini vidole vyake vya kulia viliteleza kila mara.

"Basi si mgonjwa," Kocha alisema kwa huzuni. "Ni mtu mwenye mikono miwili mizima."

Maneno hayo yalimrudisha moja kwa moja kwa dada wa usafi, na ilikuwa tayari saa tano. Sajenti alikaa kwenye benchi akayapitia tena yote. Kocha alikuwa ametaja mtu mwenye mikono miwili mizima. Hakuna aliyetaja mtu ambaye wote waliamini kwamba hana.

Akakumbuka kifungo. Ijumaa, wakati wa mazoezi, kifungo cha sweta ya Fundi kilidondoka, na Sajenti mwenyewe ndiye aliyekiokota akampa. Fundi alikuwa mshonaji, mgonjwa wa wiki ya tisa, mkono wake wa kushoto ukiwa umelala mapajani kama kitu cha kuazima. Asubuhi ya leo, wakati wa chai, kifungo kilikuwa mahali pake.

Saa tano na nusu Sajenti aliwaita wote chumbani. Fundi alikuja na fimbo yake, na mto mdogo wa kukalia kwapani, kwa kuwa mabenchi yalimuumiza.

"Fundi," Sajenti alisema, "hicho kifungo cha sweta amekishona nani?"

"Dada yangu."

"Lini?"

Fundi akaishika fimbo yake vizuri. Jumapili alikuwa amelalamika mbele yao wote kwamba dada yake yuko mbali, wiki ya tatu hajakanyaga hapo. Sajenti aliinama akakitazama kifungo. Uzi ulipita kwa msalaba, ukazungushwa shingoni mwa kifungo mara tano, ukafichwa mwisho wake.

"Hii ni kazi ya mwenye ufundi wake," alisema taratibu. "Na haishonwi kwa mkono mmoja. Huyu dada wa usafi amebakiza nusu saa tu ya kazi yake. Naomba huo mto unaoukalia, maana mshonaji huficha kitu ndani ya mshono."

Fundi alimtazama dada wa usafi, kisha akauvuta mto mwenyewe na kumkabidhi Sajenti. Mshono mmoja wa pembeni ulikuwa mpya, wa hatua ndogondogo, umenyooka kama mstari wa rula. Kocha alifumua nyuzi chache, diski ikamtelezea kiganjani, salama.

Kisha Fundi akaongea, akiangalia sakafu. Mkono ulikuwa umeamka wiki mbili zilizopita. Mwanzoni alifurahi hadi akalia chini ya shuka. Halafu akajua maana yake: kipimo, alama elfu ishirini, nyumbani. Wiki iliyopita alijifanya ameshindwa, lakini Kocha alimkazia macho, naye akaona safari hii hataweza kumdanganya.

"Kiharusi kiliponipiga, nilianguka Jumamosi," alisema. "Nikaokotwa Jumatatu. Siku mbili nipo sakafuni, nasikia watu wanapita nje, sauti haitoki. Hapa nikidondosha kikombe tu, mtu anakuja. Sikutaka kumwibia mtu, Kocha. Niliogopa ile sakafu."

Kisha akamgeukia dada wa usafi akamwomba radhi. Dada wa usafi alichukua muda, lakini mwishowe alimshika bega. Matroni, aliyekuwa mlangoni, alikohoa na kusema kwamba yeye pia anapaswa kuomba radhi, akaomba.

Kocha alikuwa ameuma mdomo. Kwa wiki tisa alikuwa amepima vidole vya Fundi, na hakuwahi kumuuliza mgonjwa hata mmoja nyumbani kuna nani. Alisema hivyo kwa sauti, akachukua kalamu, na kuanzia siku hiyo swali hilo likawa la kwanza kwenye fomu yake.

Sajenti alisubiri hadi wengine walipotoka. Hakuwa hodari wa maneno laini.

"Mimi naishi peke yangu," alisema. "Chumba changu cha mbele kina dirisha linalotazama barabara. Cherehani inatosha. Mimi mwenyewe nikianguka, nani ataniokota?"

Fundi alisema atafikiria. Alifikiria usiku kucha, na kesho yake, Jumatano, aliketi mbele ya runinga, akashika pedi ya kuchezea kwa mikono yote miwili. Chombo cheupe kilipenya kati ya safu za maadui, kikageuka, kikarudi. Dereva alihesabu alama kwa sauti hadi sauti ikamkauka. Kipimo kilikwisha kwa alama elfu thelathini na moja, na Kocha akaandika ruhusa yake palepale, naye Sajenti akamtilia mfukoni ufunguo wa akiba wa nyumba yake.

Sajenti aliruhusiwa wiki tatu baadaye. Alifika kwake mchana, akakuta dirisha la mbele liko wazi, na kabla hajaingiza ufunguo akasikia cherehani ikikimbia, ikasimama, halafu Fundi akiita kutoka ndani kuuliza ni nani.