Viatu vya Enos

Sakafu mpya ya Mheshimiwa Alpheus Crandall haikumaliza wiki kabla ya kuanza kutoboka. Vitundu vidogo vidogo, vimejipanga mfano wa nyayo, vilitoka mlangoni kuelekea kiti chake cha kulia chakula. Mkewe, Orpha, alipiga magoti akavigusa. Vilikuwa vimejaa maji.

Alivitambua. Wanaume wanaosafirisha magogo kwenye Mto Chippewa huvaa viatu vyenye misumari chini, wasiteleze juu ya magogo yanayoelea. Mmoja akizama, wenzake humzika ukingoni na kuvitundika viatu vyake mtini, na mti huo hauguswi na shoka. Ndivyo alivyozikwa Enos, kaka yake Orpha, baada ya Alpheus, tajiri wa magogo, kumwamuru akazibue magogo yaliyokwama, mto ukiwa umefura. Kisha tajiri huyo akagombea ubunge kwa kujiita rafiki wa wavuja jasho, na wavuja jasho wakampa kura! Kinywa alijaliwa, aibu ndiyo aliyonyimwa.

"Panya hao," alisema Alpheus, mdomo umejaa nyama ya nguruwe.

"Panya wa wapi wanaovaa misumari?"

"Usinichoshe, mke wangu. Kesho napeleka muswada wangu. Mtu akizama kazini, tajiri asishtakiwe. Mto ni wa Mungu."

Usiku huo mchungaji aliitwa kuiombea nyumba. Alikuwa hajafika katikati ya sala harufu ya tope na utomvu ilipopanda, na chini ya mbao kikasikika kishindo, kru, kru, kikaja polepole kutoka mlangoni, kikapita chini ya miguu yake, kikazunguka meza, mpaka kikasimama nyuma ya kiti cha Alpheus, na maji yakaanza kuchuruzika sakafuni. Mchungaji alitoka mbio, kofia akaiacha.

"Alpheus," Orpha alinong'ona, "mbao hizi ni za mti gani?"

"Msonobari. Ulikuwa umesimama bure ukingoni."

"Wa Enos?"

"Mti ni mti, bwana! Maiti ana haja gani nao?"

"Na viatu vyake?"

"Nilivitupa mtoni."

Orpha hakulia. Chuki ilimkausha machozi. Alikitazama kile kiti, akasema taratibu, "Kaka, umemsikia."

Kesho yake Alpheus alisimama bungeni, akafunga vifungo vya koti, akafungua kinywa. Yakatoka maji ya mto, ya kahawia, yenye maganda ya msonobari, yakatoka mpaka akaanguka, akafa. Miguuni alikuwa na viatu vya misumari, na hakuna mwanamume aliyeweza kumvua.

"Nipisheni," alisema Orpha, akishuka kutoka viti vya wageni. "Hivyo si vyake."

Mikononi mwake vilivulika bila taabu. Alivipeleka ukingoni, akavitundika kwenye msonobari mchanga karibu na kaburi, akamwambia kaka yake apumzike sasa.

Majira ya kuchipua, mheshimiwa mwingine, naye tajiri wa magogo, alitangaza kuwa ataufufua ule muswada. Orpha aliposikia alikwenda ukingoni kutazama. Viatu havikuwapo mtini, na kwenye tope vitundu vilielekea barabara ya bungeni.