Bibi Aliyeleta Maji

Maharage hayakuwa na chumvi. Klaudia aliongeza, akaonja, yakawa vilevile, akaongeza mpaka kikaratasi alichotoka nacho kijijini kwao Ngenge kikabaki kitupu. Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa na foleni, chumvi inatafutwa kama dhahabu, na hiyo ndiyo chumvi inayopotea sufuriani! Alimlaani mwenye duka, akabeba bakuli kwenda wodini.

Mumewe, Rwegasira, alikuwa ameletwa hospitali hiyo ya mjini Bukoba kwa homa ya mapafu. Homa ilikwisha shuka, wangekuwa nyumbani wakichuma kahawa. Badala yake alitapika, kichwa kilimuuma, na sasa alianza kumwita mkewe kwa jina la mama yake, marehemu wa siku nyingi.

"Mae, maji," alinong'ona. Chozi lilimtoka. Klaudia alilifuta kwa kidole, akakilamba bila kufikiri, kama alivyozoea kwa watoto. Halikuwa na ladha yoyote.

Daktari Kagaruki alikuja na majibu ya damu, uso umemkunjamana.

"Chumvi ya damu imeshuka tena. Maji yamezidi mwilini, ubongo unavimba. Nani anampa maji?"

"Si mimi, daktari. Ulinikataza."

"Basi anayapata wapi? Safu hii yote ina hali moja! Nakataza maji, chumvi inashuka. Chupa za maji ya chumvi zimekwisha boharini, gari halijafika. Mama, tafuta hata chumvi ya kupikia, tumtilie kwenye uji. Fanya haraka, kabla hajashikwa na degedege."

Chumvi ya kupikia! Klaudia alitamani kucheka na kulia kwa pamoja.

Mchana, saa ya kutazama wagonjwa, ndugu waliingia na vikapu vyao, na katikati yao akaingia bibi mmoja mwenye shuka nyeupe na kibuyu. Alikuwa anakuja kila siku. Hakuna aliyemuuliza ni wa nani, kwa sababu kila familia ilidhani ni wa kitanda cha pili. Alipiga magoti kwa adabu, akasema, "Pole, waitu, mtu wetu. Kunywa kidogo," na mgonjwa akapokea kwa mikono miwili, kwani nani amelelewa kukataa maji ya mtu mzima? Klaudia mwenyewe aliwahi kumshukuru kwa maji ya kupikia.

"Usimtazame," alisema Mzee Saburi wa kitanda cha jirani, kwa sauti ya chini kabisa. "Uliza wodi nzima ni ndugu wa nani."

"Kwani ni nani?"

"Ni jini, mwanangu. Hawezi kukaa katika mwili wenye chumvi. Anausuuza kwanza, kama mtu anayedeki nyumba kabla ya kuhamia." Alifungua pindo la leso, akaonyesha punje chache za chumvi. "Hizi naziweka chini ya ulimi akipita."

"Nigawie, mzee wangu. Mume wangu anakufa."

"Nikikupa, mimi nitabaki na nini?" Alifunga leso huku machozi yakimtoka, na Klaudia alimchukia, ingawa alimwelewa.

Sasa bibi alikuwa ameinama juu ya Rwegasira, na harufu ya matope ya ziwani ilijaa puani, na kibuyu kile kilichokwisha nywesha safu nzima kilikuwa bado kimejaa mpaka mdomoni, maji yakicheza lakini hayamwagiki, na Klaudia alipomshika mkono kumzuia aliona vidole vyake vinazama katika ile ngozi ya baridi kama vinavyozama katika udongo uliolowa, asiguse mfupa. Bibi alitabasamu.

"Utakuwa hapa kila siku, waitu?"

Klaudia alimwita wifi yake, Clotilda, akamwachia kitanda. "Asipewe maji na mtu yeyote. Hata mtu mzima. Hata padri!"

Mjini alizunguka maduka hadi Hamugembe bila kupata kitu. Akadandia lori mpaka Muleba, akatembea mpaka Ngenge. Katika duka la kijiji gunia la chumvi lilikuwepo, liko wazi, na Protase mwenye duka amelisimamia.

"Chumvi ni ya waliolima shamba la ujamaa. Wewe hukuonekana."

"Nilikuwa nauguza!"

"Kila mtu ana mgonjwa, mama. Lima kesho, utapata."

Alibishana, akapiga magoti, akatukana. Protase hakubanduka. Kesho yake alilima mahindi ya kijiji tangu asubuhi, akichapa jembe kwa hasira, na jasho likamtiririka mdomoni, chungu kwa chumvi. Mwili mzima ulikuwa na chumvi, asiweze kumpa mumewe hata tone! Alilia pale pale shambani mbele ya watu. Jioni walimpimia mgawo wake, akaufunga katika pindo la kanga.

Alipofika wodini alimkuta Rwegasira amekaa, amenyoa ndevu.

"Klaudia," alimwita kwa jina lake. "Umechelewa."

"Amepona!" alisema Clotilda. "Jana alilia kiu mpaka nikashindwa. Yule bibi alinionea huruma, akampa. Funda moja tu la maji, dada. Tangu hapo bibi hajaonekana tena."

Daktari alifurahi, akampa ruhusa. Mzee Saburi alikuwa amegeukia ukutani na hakuaga.

Nyumbani Klaudia alipika maharage kwa chumvi aliyoilimia. Rwegasira alisukuma sahani. "Sina njaa, waitu," alisema. Hakuwahi kumwita mkewe hivyo. Klaudia alimfuta jasho la shingoni, akalamba kidole. Yalikuwa maji matupu.

Mchana jirani yao, Ndyamukama, alishikwa na homa. Rwegasira, ambaye maisha yake yote alikuwa mvivu wa kutazama wagonjwa, alishusha kibuyu ukutani, akatoka. Klaudia alimfuata akikimbia, chumvi mkononi, akimwita kwa sauti. Alifika mlangoni, akamwona mumewe amepiga magoti kwa adabu kando ya kitanda, na Ndyamukama, mtu aliyelelewa vizuri, ananyoosha mikono miwili.