Anayeona Ndani ya Bonareri

Aliye na sufuria motoni aepue kwanza, maana haya nikiyaanza sisimami katikati.

Giza lilikuwa linaingia kwenye mashamba ya chai, huko nyuma ya Litein, na Bonareri alikuwa anaenda kumfungua ndama. Alikuwa kipofu mwaka wa pili sasa. Mkono ulipapasa vichwa vya majani chai, miguu ikajiendea.

Pikipiki ndiyo iliyompofusha: ilimwangusha, kisogo kikagonga jiwe. Daktari kule Kapkatet alimmulika, akasema, "Shosho, macho yako ni mazima. Kilichokufa ni mahali pa kuonea, hapa nyuma ya ubongo. Lakini kuna kijia kingine kidogo. Habari za macho zinapita hapo mpaka kwa mikono na miguu. Wewe mwenyewe huambiwi."

Vivian, mke wa mwanawe Momanyi, ndiye aliyempeleka. Katika maneno yote hayo, yeye alirudi nyumbani na moja tu:

"Kuna mtu ndani ya mama. Huyo anaona."

Akaanza kumjaribu. Aliweka kigoda mlangoni, Bonareri akakizunguka. Akaweka ndoo, akaizunguka pia.

"Mama, umejuaje kuna ndoo?"

"Ndoo gani, mwanangu?"

Majirani walicheka. "Huyu apewe lori aendeshe!" Halafu mtoto wa jirani Ombati akashikwa na degedege, akafa, na kicheko kikakauka. Akina mama wa kanisa wakahama benchi lake. Jina lenyewe hawakumwambia usoni. Walilisema jikoni, yeye yuko sebuleni, kana kwamba pikipiki iligonga na masikio.

Mchawi.

Bonareri alitoka Kisii. Alijua wazee wenye jina hilo hufanywa nini: huchomwa moto. Na kibaya zaidi, hata yeye alimwogopa huyo aliye ndani. Aliomba kila jioni: Bwana, kama si wako, mtoe.

Basi jioni hiyo, karibu na ndama, miguu ilisimama.

Hakuiambia isimame.

Akasikiliza. Hakuna ndege. Hakuna kwato. Upepo nao umenyamaza...

Harufu ya petroli.

"Ni nani hapo?"

Mkono wake wa kulia ukainuka. Haukupapasa. Ulienda moja kwa moja, kama mtu anayechukua kijiko mezani, ukashika kifundo cha mkono wa mtu.

Kilikuwa na jasho. Chini ya kidole gumba akahisi mfupa uliounga vibaya, wa mtoto aliyeanguka kutoka kwenye mpera, na yeye mwenyewe ndiye aliyeufunga kwa kitambaa cha leso.

"Momanyi?"

Pumzi ilitoka kwa mwanawe kama ya mtu aliyepigwa tumboni.

"Mama," alinong'ona. "Unaniona?"

Hapo ndipo Bonareri alipoelewa swali hilo lina meno pande zote mbili. Akisema anaona, amedanganya watu miaka miwili. Akisema haoni, basi Vivian alisema kweli.

"Sioni, baba."

"Sasa umenishikaje?"

Bonareri hakumwachia. Kitu kizito kikawekwa chini taratibu, maji yakacheza ndani yake.

"Ni petroli ya pikipiki," Momanyi akasema. "Nilikuwa napita."

Njia hiyo inaishia kwa ndama. Haipiti kwenda popote.

"Sawa, baba," akasema Bonareri. "Nifungulie huyo ndama twende."

Wakarudi pamoja, mwana akimshika mama bega kwa upole, akimtajia mawe ambayo miguu yake ilikuwa imeshayaruka.

Tangu siku hiyo Momanyi ndiye anayemletea uji. Vivian hata hasogei. Uji una maziwa, una sukari, na sauti ya mwanawe ni tamu kuliko alipokuwa mtoto. Watu wanamsifu.

"Kunywa, mama, ungali moto."

Bonareri anasikia njaa. Anauambia mkono: nenda, pokea. Mkono hauendi. Umelala mapajani, baridi, umekunja vidole. Anauamuru tena. Hauendi.

"Mama, mbona hunywi?"

Huyo wa ndani ameona nini: kilichomo kikombeni, au uso wa yule anayekishika?

Bonareri haambiwi.