Marobota Matatu ya Valga

Saa 1:10 asubuhi.

Kila Alhamisi Leili alikata mkate mweusi, akapaka siagi, akapanga dagaa wa kopo juu yake. Kisha alitandaza karatasi mbili alizonakili ofisini kwa wakala wa mizigo, mpakani Valga. Moja: kadibodi iliyoingizwa Latvia. Ya pili: kadibodi iliyoingizwa Estonia. Kidole chake kilitafuta lori lenye hesabu mbili zisizolingana.

Alhamisi hii hakuwahi kuuma mkate. Mlango wa chumba cha nyuma ulipigwa teke.

"Ni leo," akasema Heino, mkuu wa genge. Bastola yake ikagonga meza. "Lori lipi?"

Nyuma yake aliingia Urmas, dereva. Nyuma ya Urmas, Tarmo, mdogo wake Leili.

"Huyu anafanya nini hapa?" Leili akauliza.

"Mgongaji wetu wa marobota kalazwa hospitali. Ndugu yako kakaa kiwanda cha karatasi miaka sita. Ana sikio."

"Na njaa pia," Urmas akasema, akauchukua mkate wa Leili.

"Usijali, dada," Tarmo akasema. "Nagonga tu."

Mpango ulikuwa mfupi. Robota la kadibodi iliyoviringishwa hugongwa kwa nyundo ya mti. Lililo zima hutoa mlio mkavu. Lililochimbwa tumbo na kujazwa sigara hulia kama kifua cha mgonjwa.

"Latvia yakiingia ishirini na manne, Estonia ishirini na moja," Heino akasema. "Matatu yamemezwa na mpaka. Tukiyaiba, mwenyewe atashtaki nini? Sema, lipi?"

Leili alijua: lilikuwa lori la bluu. Walinzi wake walikuwa wameua watu wawili mwaka jana. Lori jeupe hesabu zake zililingana: kadibodi tu bila sigara, dereva mmoja mzee. Wangegonga, wangekosa, wangerudi.

Leili alitazama shingo nyembamba ya Tarmo.

"Jeupe."

Heino akaichukua bastola yake. "Utakuja nasi."

Saa 5:40.

Barabara ya msituni. Theluji. Urmas aliliziba njia lori jeupe kwa gari lao. Dereva mzee alishuka mikono juu, akafungwa kwenye mti.

Saa 5:52.

Tarmo alipanda. Ko. Ko. Ko. Sikio lake lilibandikwa kwenye kadibodi, macho yamefumbwa. Leili alihesabu naye. Kumi. Kumi na tisa. Ishirini na nne.

"Mazima yote, bosi."

"Rudia."

Akarudia. Ko. Mlio mkavu, mpaka la mwisho.

"Hakuna kitu humu," Tarmo akasema.

"Hakuna," Heino akasema taratibu, "au kipo, na utakirudia jioni peke yako?"

"Bosi, naapa. Gonga mwenyewe!"

"Mimi nitajuaje? Mwenye sikio ni wewe. Ndiyo maana unatuona wajinga."

"Heino, tuondoke," Urmas akasema. "Muda unakwisha."

Leili alifungua kinywa. Neno lilikuwepo, limekwama palepale yalipokwamia maneno yake yote tangu utotoni.

Bastola ikalia mara moja.

Tarmo aliteleza chini taratibu, mgongo ukiburuza kwenye robota. Kadibodi ikanywa damu.

Leili alipanda, akakipakata kichwa cha Tarmo. Nyundo ilikuwa bado mkononi mwake. Macho yake yalimtafuta dada.

"Ni mimi," Leili akasema. Sauti ilitoka kubwa hata Heino akageuka. "Sigara zimo kwenye la bluu. Nilijua tangu asubuhi. Nilisema jeupe ili urudi nyumbani, Tarmo. Nilitaka urudi nyumbani."