Duka Limejaa Sasa Hivi

Rafiki yangu, fundi wa kompyuta, hakuniomba niyaamini haya. Alinisimulia tu.

Dada yake mshonaji alikuwa karibu kufunga duka kwa kukosa wateja. Rafiki yangu akaliweka duka kwenye ramani ya mtandaoni, pamoja na picha na saa za kazi, ili anayetafuta mshonaji alione kwanza. Jumapili alasiri, wakiwa nyumbani, akaitazama ramani hiyo kwenye simu. Chini ya jina la duka, pale inapoonyeshwa idadi ya watu waliomo, paliandikwa: "Limejaa sasa hivi."

"Dada, umemwachia nani ufunguo?"

"Nimwachie nani, mdogo wangu? Pale hata nzi haingii siku za kazi!"

Wakaenda. Kufuli lilikuwa mahali pake. Nyuma ya mlango walisikia nyayo nyingi zikijikokota, kama za watu wanaosogea kwenye foleni. Dada alipofungua, sauti zikakatika. Ndani mlikuwa na giza, na hapakuwa na mtu.

Daftari la vipimo lilikuwa wazi mezani. Kurasa tatu zilijaa mwandiko wa dada mwenyewe, na wino ulikuwa bado mbichi. Kila mteja alikuwa na kifua, mabega na kiuno. Kwenye mstari wa shingo, kote paliandikwa: hakuna.